Siku Niliyoitafuta Nyumba ya Vitu

Wiki yangu ya tatu mjini Bergen nilikuwa na akiba ya maneno kama arobaini ya Kinorwei, na nililolitegemea kuliko yote lilikuwa "ting". Maana yake kitu. Mwalimu wetu alilipenda kwa sababu humwokoa mgeni: ukisahau jina la uma, unasema kile kitu, ukisahau jina la mwavuli, unasema kile kitu. Na mwavuli Bergen lazima uutaje kila siku. Mvua ya pale si kama masika ya kwetu Tanga, inapiga, inakatika, watu wanatoka kwenda zao. Ya pale imehamia.

Basi Jumamosi moja natafuta sufuria na blanketi vya bei ya mwanafunzi, nikaona kwenye ramani ya simu jengo limeandikwa "Tinghuset". Hus nilishaijua, ni nyumba. Ting, kitu. Nyumba ya vitu! Nikajisifu kimoyomoyo: huyu mtu wiki tatu tu na tayari anasoma ramani ya Kinorwei. Nikafunga safari na mvua yangu. Nikakuta jengo kubwa la mawe, limefungwa, hakuna dirisha la duka hata moja. Jumatatu nikarudi. Ndani ya mlango mtu mwenye sare akaniuliza kwa Kiingereza cha upole kama nimekuja kutoa ushahidi.

Nikamwambia nimekuja kutafuta sufuria.

Ile ilikuwa mahakama. Mahakama ya kwanza ya Norwei huitwa "tingrett", na jengo lake ni "tinghus". Nilitoka nimeinamisha kichwa, lakini njia nzima nilikuwa na swali moja: imekuwaje neno la kitu likakaa kwenye mlango wa mahakama?

Kosa la pili lilikuja baada ya mwezi, na lilikuwa la ngeli. Kinorwei kina kitu kinachofanana na ngeli zetu, ingawa chao ni kidogo: majina mengine huanza na "en", mengine na "et". Nilimwambia mama mwenye nyumba kwamba nina "et ting" la kumuuliza. Nilikusudia "en ting", nina kitu kimoja nataka kukuuliza. Nilichosema ni kwamba nina bunge zima la kumuuliza. Mama akacheka, akataka kujua kama hilo bunge litavua viatu mlangoni kama wageni wengine.

Neno lilelile, sauti ileile. Ukiliweka katika ngeli moja ni kitu, hata kikiwa kijiko. Ukilihamisha ngeli linakuwa mkutano wa watu wanaotunga sheria. Kidenmark nacho kiko hivyohivyo. Bunge la Norwei, lililoanza 1814, ni Storting, yaani ting kubwa. La Denmark ni Folketing, ting la watu. Visiwa vya Faroe vina Løgting, ting la sheria. Na la Aislandi ni Alþingi, ting la wote. Herufi hiyo þ isikutishe. Isome kama th ya thamani.

Na ukishaisoma hivyo, unaliona neno la Kiingereza ambalo sote tulilijua tangu darasa la tatu: thing. Kijerumani ni Ding. Kiholanzi ding, na Waafrikana wa Afrika Kusini wamelibeba hivyohivyo hadi huku barani kwetu. Hizi zote ni lugha za ukoo mmoja, lugha za Kigermaniki, kama Kiswahili, Kizigua na Kikikuyu vilivyo vya ukoo wa Kibantu. Neno hili zimerithi kwa bibi mmoja. Swali ni bibi huyo alikuwa na maana gani: kitu, au mkutano?

Alikuwa na maana ya mkutano. Kitu kimekuja nyuma sana.

Pengine hata kabla ya mkutano kulikuwa na wakati. Katika Kigothi, lugha ya Kigermaniki iliyokufa lakini imetuachia tafsiri ya Biblia ya karne ya 4, kuna neno "þeihs" lenye maana ya wakati, majira, na wanaisimu hulihesabu kuwa ndugu wa ting. Kwa hiyo ting huenda lilianza kama miadi: siku iliyowekwa. Mrumi Tacitus, aliyeandika habari za makabila ya Germania mwaka 98, anasema walikutana mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Walikaa na silaha zao. Jambo wasilolipenda walilikataa kwa kunguruma, na walilolipenda walilipokea kwa kugonganisha mikuki. Kisha analalamika, na hapa nilicheka peke yangu maktabani: anasema watu hawa hawafiki kwa pamoja, siku mbili hadi tatu zinapotea kwa kusubiriana. Nimeambiwa maisha yangu yote kwamba kuchelewa mkutanoni ni ugonjwa wa Kiafrika. Kumbe hati ya miaka karibu elfu mbili inawataja mababu wa watu wa Bergen, ambao leo ukichelewa dakika tano wanakuuliza kama ulipata ajali.

Ushahidi wa neno lenyewe umetawanyika mahali ambapo usingetarajia. Kaskazini mwa Uingereza, kwenye ngome ya Housesteads katika ukuta wa Hadrian, mwaka 1883 ilichimbuliwa madhabahu ya mawe iliyowekwa na askari wa Kigermaniki waliotumikia jeshi la Roma. Wameiandikia kwa Mars, mungu wa vita wa Warumi, wakampa na lakabu: Thincsus. Mars wa baraza. Wengi wanaamini lakabu hiyo ndiyo iliyozaa jina la Jumanne katika Kijerumani na Kiholanzi, Dienstag na dinsdag. Sisi siku zetu tumezihesabu tu, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, tukamaliza kazi.

Kule Italia, mfalme Rothari wa Walangobardi, kabila la Kigermaniki, alitoa sheria zake mwaka 643, na ndani ya Kilatini chake kuna neno "gairethinx", mkuki na ting: tendo la kutoa mali mbele ya mkutano wenye silaha, ili baadaye asitokee mjomba akasema hakuwepo. Na katika Kiingereza, moja ya mara za kwanza kabisa thing kuonekana ni katika sheria za wafalme Hlothhere na Eadric wa Kent, mwishoni mwa karne ya 7. Kifungu kinasema mtu akimshtaki mwenzake, akamkuta "an medle oþþe an þinge", kwenye mkutano au barazani, mshtakiwa atoe mdhamini. Kwa hiyo Mwingereza wa Kent aliposema thing alikuwa anazungumzia mahali ambapo unaweza kushikwa ukadaiwa dhamana. Hakuwa anazungumzia kijiko.

Lakini ukitaka kuliona neno likiwa zima, likiwa na viungo vyake vyote, unakwenda Aislandi. Sijafika Þingvellir, yaani viwanja vya ting, nimeishia picha na maandiko, ila pale nina wivu napo. Ni uwanda uliopo ndani ya ufa wa ardhi, mahali ambapo gamba la dunia linaachana, bamba la Amerika ya Kaskazini likivuta huku na la Ulaya na Asia kule. Mtu aliyewahi kusimama ukingoni mwa Bonde la Ufa akatazama chini haitaji kuelezwa zaidi. Kuanzia mwaka 930 watu wa kisiwa kizima walikutana hapo kila kiangazi kwa karibu wiki mbili. Hapakuwa na mfalme. Hapakuwa hata na kitabu: sheria zilikaa kichwani mwa mtu mmoja, msema-sheria, aliyesimama juu ya mwamba akazighani kwa sauti, theluthi moja kila mwaka, mpaka baada ya miaka mitatu amezimaliza zote. Hazikuandikwa hadi majira ya baridi ya 1117 kuingia 1118. Kizazi baada ya kizazi, nchi nzima ilitegemea kumbukumbu ya mtu na masikio ya wenzake waliokuwa tayari kumsahihisha. Wanaojua watunzi wa tenzi wa pwani yetu hawatashangaa kwamba inawezekana.

Hapo ndipo, karibu mwaka 1000, Waaislandi walipokaribia kupigana kwa ajili ya dini. Kundi moja lilikuwa limebatizwa, jingine halitaki. Wakamwachia uamuzi Þorgeir, msema-sheria, ambaye mwenyewe hakuwa Mkristo. Masimulizi yanasema alijifunika joho, akalala kimya mchana kutwa na usiku kucha. Alipoinuka akasema nchi itakuwa na sheria moja na dini moja, na dini hiyo ni Ukristo. Ila anayetaka kutambika kwa siri kwake, atambike. Nampenda mzee huyo. Alijua kwamba kazi ya baraza si kumpata mwenye haki peke yake. Ni kuhakikisha watu wanarudi makwao wakiwa hai.

Sasa, kutoka kwenye mwamba huo hadi kwenye kijiko, neno lilipita wapi?

Hapa vitabu vinaeleza kwa mishale: mkutano, halafu kesi, halafu jambo, halafu kitu. Mishale hiyo ni kweli, lakini mimi haikunishawishi mpaka nilipomkumbuka baba.

Baba yangu alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo mkoani Tanga kwa miaka zaidi ya ishirini. Mahakamani kwetu Tanzania neno la kazi ni shauri. Shauri la madai, shauri la jinai, shauri limeahirishwa, shauri limekwisha. Hakimu alikaa na watu wawili wasio wanasheria walioitwa washauri wa mahakama. (Na kwenye ile tingrett niliyoingia kutafuta sufuria, kesi ya jinai ya kawaida husikilizwa na hakimu mmoja na raia wawili. Niliposoma hilo nilitamani kurudi nimsalimie yule mwenye sare.) Mama alikuwa akinituma nimpelekee baba chakula, nami nikimkuta amezungukwa na majalada yaliyofungwa kwa kamba, rundo hadi dirishani. "Usiguse mashauri ya watu," ananiambia. Jioni nyumbani anasema, "Leo mashauri yalikuwa manne, moja la mbuzi."

Nilikuwa na miaka saba. Kwangu mimi shauri lilikuwa kitu. Lilikuwa na rangi, ya kaki. Lilikuwa na vumbi. Lilikuwa na uzito, baba akilibeba begani linamwinamisha. Na lile la mbuzi nililiwazia kuwa ni mbuzi mwenyewe.

Na shauri lilianza wapi? Lilianza na watu wanaoongea. Tumelipokea kutoka Kiarabu, katika familia ya shura, kushauriana, ambayo Waomani wanayo hadi leo katika jina la baraza lao la Majlis al-Shura. Kwetu likawa nasaha: nipe shauri. Likawa mpango: tumefanya shauri la kuhama. Likawa kesi mbele ya hakimu. Likawa sababu, hasa kwa wenzetu wa Kenya: hakuja shauri ya mvua. Likawa jambo lolote lile. Na kinywani mwa mtoto mmoja wa Tanga likawa rundo la karatasi za kaki. Njia nzima ambayo ting iliipita kwa miaka elfu, mimi niliipita nikiwa na kikapu cha chakula mkononi.

Yaani hakuna muujiza. Watu wanakutana, wanakutana kwa sababu kuna ugomvi, ugomvi una kitu kinachogombewa, na baada ya muda jina la mkutano linamwangukia mbuzi. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na "for minum þingum", kwa ajili yangu, au kama angesema mtu wa Nakuru, shauri yangu. Walatini walipita papo hapo bila kuigana na mtu: causa yao ilikuwa kesi, ikageuka cosa kwa Mwitalia, chose kwa Mfaransa, coisa kwa Mreno, na zote tatu maana yake ni kitu.

Kuna na la ngeli, na hili ndilo lililoninyima usingizi. Mimi na wewe tunasema shauri hili, shauri limeahirishwa, mashauri haya. Sawasawa. Halafu mtoto akikataa kuvaa sweta tunamwambia nini? "Shauri yako." Siyo "shauri lako". Ukisema "shauri lako" watu watakuuliza limepangwa kwa hakimu gani. Likiwa zito, lenye washauri na jalada, tunaliweka katika li-ya. Tukiinua mabega tunalihamishia kwingine. Mwalimu wa sarufi atakuambia hiyo ni athari tu ya neno la kigeni ambalo halikutulia katika ngeli moja, na pengine ni kweli. Lakini Wanorwei wana et ting na en ting, lenye heshima na lisilo na heshima, na sisi bila kuambizana tuna shauri lako na shauri yako. Mama mwenye nyumba alinicheka kwa kosa ambalo Mnorwei yeyote angelifanya Tanga kabla ya chai ya saa nne.

Lugha nyingine za ukoo ule zimebakiza makombo tu ya ile maana ya kwanza, na makombo yenyewe ni matamu. Mholanzi anayeomba amri ya haraka mahakamani anafungua "kort geding", ting fupi. Na akienda sokoni kuomba apunguziwe bei, anasema "afdingen". Kitenzi cha Kijerumani cha kutetea, verteidigen, kimetokana na tagedinc, ting la siku iliyopangwa. Waingereza wana "hustings", mikutano ya wagombea kabla ya uchaguzi, kutoka húsþing ya Wanorse, watu wa Skandinavia ya kale, na wengi wanaoitamka hawajui kwamba wametaja thing. Uskoti kuna mji wa Dingwall, na kisiwa cha Man kina Tynwald, bunge lake, ambako kila Julai sheria mpya husomwa juu ya kilima mbele ya watu. Majina yote mawili ni Þingvellir ileile iliyochakazwa na ndimi tofauti. Mwaislandi yeye ameigomea safari hiyo. Akitaka kusema kitu, kwa kawaida husema "hlutur", þing akalibakishia watu.

Kwa Mjerumani, upande wa pili, Ding limechakaa hadi likatoa "Dings", neno la mtu aliyesahau jina. Nipe ile Dings. Kwetu ni ile nanihii. Fikiria neno lililokuwa lakabu ya mungu wa vita, limeishia kuwa nanihii.

Baraza letu limekwenda kinyume chake kabisa, na nalipenda kwa ubishi huo. Limetoka kwenye kitu, kikalio cha jiwe mbele ya nyumba ya Unguja au Lamu, likapanda hadi Baraza la Mawaziri. Ting ilishuka kutoka bungeni hadi jikoni; baraza lilipanda kutoka kwenye jiwe hadi ikulu.

Nisiwafiche upande wenye giza, kwa maana kuna watu wanaolitaja neno hili kana kwamba ni cheti cha kuzaliwa cha demokrasia. Watumwa wa Aislandi hawakuwa na sauti pale Þingvellir, na wanawake hawakuamua. Kisha miaka ya 1930 utawala wa Hitler ulilifufua neno kwa tahajia yake ya kale, ukajenga viwanja vya wazi vilivyoitwa Thingstätte. Kimoja kipo hadi leo juu ya kilima cha Heiligenberg mjini Heidelberg, kilichofunguliwa na Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, mwaka 1935. Watu walikusanywa kwa maelfu ili wasikie. Kushauriana hakukuwamo.

Na kabla ya hapo maofisa wa Kijerumani walikuwa kwetu. Walilichukua shauri letu wakaliandika Schauri, likaingia katika Kijerumani cha makoloni kama jina la kikao cha kusikiliza kesi na kutoa amri mbele ya wenyeji. Walikuwa na Ding lao, lililokwisha kumaliza safari likawa kitu, wakaja wakakuta neno jingine likiwa bado njiani, wakalikopa. Sijui kama kuna hata mmoja wao aliyegundua kwamba ameokota pacha wa neno la babu yake. Walioitwa kwenye vikao hivyo walijua vizuri zaidi shauri la bomani lilikuwa la namna gani, na sidhani kama kuna aliyetoka hapo akihisi ameshauriwa.

Yote haya nilimsimulia baba kwa simu, usiku mmoja wa Novemba, mvua ikigonga dirisha. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasikiliza kimya muda mrefu hadi nikadhani salio limekatika. Ndipo akauliza kama karani: "Sasa hao watu wako, wakitaka kusema 'shauri yako', wanasemaje? Wanatumia hilo hilo ting?"

Nikamwambia hapana. Wanasema "din sak". Na sak katika Kinorwei ni kesi, na ni jambo; Mjerumani ana Sache, Mholanzi zaak, Mwingereza ana sake ambayo imebaki na kazi moja tu ya kusema kwa ajili ya. Zamani za kale zote zilikuwa ugomvi, shtaka. Katika ile sheria ya Kent, kifungu kilekile chenye þinge, neno la shtaka ni "sace".

"Kwa hiyo nao wanasema shauri yako."

"Neno kwa neno, baba."

Akacheka kile kicheko chake cha kikohozi. Kisha akaniuliza kama ile sufuria nilikuja kuipata.